Damu ya mzee na kaki: Hearts ya 1914 na ubingwa ulioishia kambini

Msimamo wa mwisho wa Ligi ya Scotland msimu wa 1914/15 unasema hivi: Celtic pointi 65, Hearts pointi 61. Kila timu imecheza mechi 38. Hearts wameshinda 27, wametoka sare 7, wamefungwa 4. Ukiishia hapo utasema Celtic walikuwa wazuri zaidi kidogo, na mambo yamekwisha.

Ila timu hiyo iliyomaliza ya pili ilikaa kileleni wiki 35 kati ya 37 za msimu ule. Ilipong'olewa, sehemu kubwa ya kikosi chake cha kwanza walikuwa askari. Walilala kambini, wakachomwa sindano za chanjo katikati ya wiki, wakapigishwa kwata na kutembezwa usiku wakiwa na mizigo mgongoni, kisha Jumamosi wakavua kaki na kuvaa jezi ya rangi ya damu ya mzee kwenda kutafuta pointi mbili. Wapinzani wao wengi walitoka nyumbani kwao.

Nimekisoma kisa hiki kwa miaka, na kila ninapokirudia swali ni lile lile: nani aliamua, nani alisukuma, na nani alilipa? Jibu langu nalisema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Soka lote la Scotland lilikuwa na deni mwaka ule, na deni lile likaachiwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo kilipe. Kikalilipa.

Klabu na meneja wake

Heart of Midlothian, ndiyo Hearts kwa kifupi, ilianzishwa Edinburgh mwaka 1874, na tangu 1886 nyumbani kwake ni Tynecastle, katika mtaa wa Gorgie, mtaa wa wafanyakazi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikwishachukua ubingwa wa ligi mara mbili, 1895 na 1897, na Kombe la Scotland mara nne, la mwisho likiwa la 1906. Baada ya hapo ukame. Shabiki wa Gorgie mwaka 1914 alikuwa amekaa miaka 17 bila kuona ubingwa wa ligi.

John McCartney aliingia mwaka 1910. Alikuwa amefanya kazi Barnsley, kisha St Mirren, timu ambayo aliifikisha fainali ya Kombe la Scotland mwaka 1908 wakapigwa 5-1 na Celtic. Meneja wa zama zile hakuwa kocha wa kusimama kwenye mstari akipiga kelele. Alikuwa pia katibu wa klabu: anaandika barua, anasajili, anahesabu mapato ya mlangoni, anapanga safari za treni, na jioni anajibu maswali ya wakurugenzi. McCartney aliifanya kazi hiyo kwa jicho la mfanyabiashara na moyo wa mlezi. Kikosi alikijenga kwa vijana wa karibu, wengi wao wa Edinburgh na vitongoji vyake, waliokuzwa pamoja.

Hapa kuna jambo moja la usajili ambalo watu wengi huliruka, nami naliona ni msingi wa kisa chote. Klabu ilikuwa inajenga jukwaa kuu jipya, lililochorwa na Archibald Leitch, mhandisi aliyechora viwanja vingi vikubwa vya Uingereza. Gharama zikapanda kuliko ilivyopangwa. Mwezi Februari 1914 ikabidi wamuuze mshambuliaji wao Percy Dawson kwenda Blackburn Rovers kwa pauni 2,500, ada ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya Uingereza nzima. Mashabiki waliumia. McCartney akaenda Liverpool akamchukua Tom Gracie kwa pauni 400 tu. Gracie, mzaliwa wa Glasgow, alikuwa amepita Everton na Liverpool bila kutulia. Msimu uliofuata alifunga mabao 29 ya ligi. Ukifanya hesabu, mtu ameuza kwa 2,500, amenunua kwa 400, na ligi nzima haikuwa na aliyemzidi Gracie kwa mabao. Huo ni usajili ambao hata leo meneja angesifiwa nao miaka kumi.

Mbele Gracie alikuwa na Harry Wattie, mtoto wa Edinburgh, mwepesi na mwenye akili ya mpira. Nyuma alikuwepo Pat Crossan, beki mwenye kasi na sura nzuri ambayo ilikuwa gumzo la mji. Duncan Currie alikuwa beki mwenzake. Alfie Briggs alikuwa kiungo, mtu wa kazi. Kikosi hicho kilikuwa bado kichanga, na kila aliyekitazama alijua kwamba kitakuwa bora zaidi baada ya mwaka mmoja au miwili.

Vita vilitangazwa tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe 15 ligi ikaanza kama kawaida, na Hearts wakawapiga mabingwa Celtic 2-0 Tynecastle, Wattie na Gracie wakifunga. Wakashinda mechi nane za mwanzo mfululizo. Gorgie ikaanza kuota.

Unyoya mweupe

Uingereza ya 1914 haikuwa na sheria ya kumlazimisha raia kwenda jeshini. Sheria hiyo ilikuja Januari 1916. Kwa hiyo mwaka wa kwanza jeshi lilitegemea hiari, na hiari ile ilitafutwa kwa nyimbo, mabango, hotuba na aibu. Mwanamume kijana aliyeonekana barabarani bila sare aliweza kukabidhiwa unyoya mweupe mbele za watu, ishara ya mwoga.

Soka likawa shabaha rahisi. Raga, mchezo wa watoto wa shule za wenye nacho, ulikuwa umesimamishwa. Soka la kulipwa, mchezo wa wafanyakazi, liliendelea kwa sababu wachezaji walikuwa na mikataba, klabu zilikuwa na madeni, na serikali yenyewe haikusema lisimame. Kwenye magazeti wenye kalamu kali waliandika kila siku kwamba ni fedheha vijana wenye miguu imara kukimbiza mpira huku wenzao wanakufa Ubelgiji. Majumba ya maigizo yalikuwa wazi. Baa zilikuwa wazi. Aliyenyooshewa kidole ni mchezaji wa mpira, na kati ya wachezaji wote, walionyooshewa zaidi ni wale walioko kileleni. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe.

Katikati ya Novemba 1914 gazeti la Edinburgh Evening News lilichapisha barua ya mtu aliyejiita "Binti wa Askari". Alipendekeza kwamba kwa kuwa Hearts wanaendelea na mchezo wao wa amani huku wengine wakitoa roho, basi kwa muda wajiite Manyoya Meupe wa Midlothian.

Nimejaribu kuisoma barua ile kwa kumwonea huruma aliyeiandika. Pengine baba yake alikuwa mstari wa mbele. Lakini haki haimo. Tayari George Sinclair na Neil Moreland, waliokuwa askari wa akiba, walikuwa wameitwa jeshini vita vilipoanza. James Speedie, mshambuliaji, alikuwa amekwishaenda mwenyewe kujiandikisha katika kikosi cha Cameron Highlanders. Klabu iliyotukanwa kuwa ya waoga ilikuwa na wachezaji wake ndani ya sare. Aliyekuwa kimya ni mwenye uwezo wa kuamua: wakubwa wa ligi na serikali. Wangeweza kusema ligi isimame, au wangeweza kusema ligi iendelee na anayecheza asitukanwe. Hawakusema lolote kati ya hayo mawili. Kombe la Scotland walilisimamisha, ligi wakaiacha. Mchezaji akabaki katikati, anaruhusiwa kucheza na anaaibishwa kwa kucheza.

Tarehe 25 Novemba

Hapo ndipo anapoingia Sir George McCrae, mfanyabiashara wa nguo na kofia wa Edinburgh, aliyezaliwa katika umaskini, akapanda hadi kuwa mbunge wa jiji hilo. Alikuwa na miaka 54. Alitangaza kwamba ataunda batalioni yake, ambayo ingekuwa ya 16 katika kikosi cha Royal Scots, na kwamba ataiongoza mwenyewe vitani. Alijua mji wake. Alijua kwamba kijana wa Gorgie hamsikilizi waziri, anamsikiliza Gracie.

Jioni ya tarehe 25 Novemba 1914 wachezaji 11 wa Hearts walijiandikisha kwa mkupuo: Alfie Briggs, Duncan Currie, Tom Gracie, Jamie Low, Harry Wattie, Willie Wilson, Ernie Ellis, Norman Findlay, Jimmy Frew, Annan Ness na Bob Preston. Wengine watano walijitokeza, madaktari wakawakataa. Siku zilizofuata akaongezeka Crossan, akaongezeka Jimmy Boyd. Nyuma yao wakaja mashabiki kwa mamia, watu waliosimama pamoja kwenye ngazi za Tynecastle Jumamosi baada ya Jumamosi, sasa wamesimama pamoja kwenye foleni ya kuandika majina. Wakaja wachezaji wa Raith Rovers, wa Falkirk, wa Dunfermline, na hata wa Hibernian, watani wa jadi wa mji ule ule. Muda mfupi tu batalioni ikajaa. London nayo ikaunda batalioni yake ya wanasoka, lakini hiyo ilianza tarehe 15 Desemba, wiki tatu baada ya Hearts.

Je, ile ilikuwa hiari? Hapa ndipo uchambuzi unapokuwa mgumu, na sitaki kupita haraka.

Kijana wa miaka ishirini na kitu anayetukanwa kwenye gazeti la mji wake, ambaye mama yake anaulizwa sokoni kwa nini mwanawe bado yuko, ambaye mwenzake wa chumba cha kubadilishia nguo tayari ameshakwenda, hiari yake ina mipaka. Wale 11 hawakusaini kila mtu kwa wakati wake. Walisaini pamoja. Ukijua maisha ya timu unajua kwamba hapo yupo aliyetaka kwenda tangu Agosti, na yupo aliyekwenda kwa sababu hakuweza kubaki peke yake kwenye benchi akiwatazama wenzake wanaondoka. Sisemi walidanganywa. Nasema walibanwa, na pamoja na kubanwa huko walisimama kwa heshima. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Na McCartney? Huyu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza mara moja, mezani kwake, bila kwenda popote. Timu aliyoijenga miaka minne ilikuwa inaongoza ligi. Angeweza kumwambia kila mmoja faraghani: subiri Aprili, tumalize ligi, kombe likiwa kabatini utakwenda. Hakuna sheria ambayo angekuwa ameivunja, na katika klabu nyingine wachezaji walisubiri. Klabu haikuwazuia. McCartney aliendelea kupanga kikosi kila Jumamosi kutokana na watu ambao sasa walikuwa chini ya amri ya maofisa wa jeshi, na tangu siku ile hakuwa tena na uhakika nani atafika akiwa na nguvu ya dakika 90. Meneja yeyote anajua uchungu wa kumpoteza mshambuliaji kwa majeruhi. Huyu aliwaachia karibu wote kwa wakati mmoja, akiwa kileleni.

Jumamosi za kaki

Batalioni ilikaa Edinburgh majira yale ya baridi. Baadhi ya askari walilazwa katika majengo ya shule ya George Heriot's, hatua chache kutoka katikati ya mji. Ratiba yao ilikuwa ya jeshi: kuamka alfajiri, kwata, mazoezi ya bunduki, matembezi marefu milimani. Kisha mechi. Miguu inayotembezwa usiku kucha kwenye baridi ya Scotland haiwi ile ile saa tisa alasiri. Chanjo za homa ya matumbo ziliwalaza baadhi yao siku kadhaa. Hata hivyo waliendelea kushinda, Desemba, Januari, Februari. Kwangu hiyo ndiyo ajabu ya msimu ule. Kwamba walipoteza mwishoni linaeleweka. Walivyofika mwishoni wakiwa bado juu, hilo ndilo linalotaka maelezo, na maelezo pekee niliyonayo ni kwamba walipendana.

Kisha kuna Gracie. Mwezi Machi 1915 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Aliendelea kucheza. Aliendelea na mazoezi ya batalioni. Mabao yake 29, yaliyomweka juu ya orodha ya wafungaji sambamba na James Richardson wa Ayr United, mengine yametoka kwenye mwili uliokuwa unaisha. Anayetaka kuelewa kwa nini mashambulizi ya Hearts yalipoa mwishoni mwa msimu asianze na mbinu.

Katika wiki za mwisho walifungwa na St Mirren, klabu ya zamani ya McCartney mwenyewe, na wakafungwa na Morton, klabu ambayo Gracie aliichezea ujanani. Ushindi mmoja ulikuwa pointi mbili. Mechi mbili, pointi nne. Tofauti ya Hearts na Celtic mwishoni ilikuwa pointi nne. Wangeshinda zile mbili wangelingana 65 kwa 65, na zama zile ubingwa wa timu zilizolingana ulikuwa unaamuliwa kwa mechi ya mwisho kati yao, kama ilivyokuwa kwa Celtic na Rangers mwaka 1905.

Msimu ulipoisha Evening News, lile lile lililochapa barua ya Binti wa Askari, liliandika kwamba Scotland ina bingwa mmoja tu wa soka, na rangi zake ni damu ya mzee na kaki. Likaongeza kwamba klabu mbili kubwa za Glasgow, yaani Celtic na Rangers, hazijapeleka jeshini hata mchezaji mmoja wa jina.

Naielewa hasira ile, lakini siwezi kuibeba yote. Celtic ya meneja Willie Maley ilikuwa timu kubwa kweli. Ilichukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 1914, na msimu ule ilifungwa mechi tatu tu. Watu wake pia walikufa: Peter Johnstone, nguzo ya timu, aliuawa eneo la Arras, Ufaransa, mwaka 1917. Willie Angus, aliyewahi kuwa mchezaji wa Celtic, alipata Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mwezi Juni 1915 kwa kumwokoa ofisa wake chini ya risasi, akapoteza jicho. Maley alicheza na wachezaji aliokuwa nao, kwa mujibu wa kanuni zilizokuwapo. Kosa lilikuwa kwenye kanuni. Ligi iliyohesabu pointi sawa kwa timu iliyolala nyumbani na timu iliyolala kambini ilikuwa imekubali mashindano yasiyo sawa, na ikatoa kombe mwishoni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sisi wa huku tuna haki ya kukitazama kisa hiki kwa jicho letu, kwa sababu vita ni vile vile. Mwezi ule ule wa Novemba 1914, kabla ya wachezaji wa Hearts kusaini, watu walikuwa wanauana Tanga kuanzia tarehe 2 hadi 5. Waafrika kwa maelfu na maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi porini, na makumi ya maelfu yao hawakurudi, kwa njaa, kuhara na malaria. Kikosi kile cha wapagazi, Waingereza walikiita Carrier Corps, na kinywani mwetu kikawa Kariakoo. Leo ukienda kwenye makao ya Simba mtaa wa Msimbazi, au ya Yanga kona ya Twiga na Jangwani, unatembea juu ya jina la watu wale. Edinburgh majina ya wachezaji waliokufa yamehifadhiwa moja moja. Wapagazi wetu wengi hakuna aliyeandika walikuwa wanaitwa nani. Nayasoma majina ya Hearts kwa heshima, na nikifika mwisho wa orodha yao huwa nawakumbuka wetu wasio na orodha.

Contalmaison

Speedie alitangulia. Aliuawa Loos, Ufaransa, tarehe 25 Septemba 1915. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Oktoba, Gracie alifia hospitali Glasgow bila kuvuka kwenda Ufaransa. Mpachika mabao bora wa ligi, mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu McCartney amchukue kwa pauni 400.

Batalioni ilivuka Januari 1916. Tarehe 1 Julai, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, ilikuwa kwenye Divisheni ya 34, karibu na kijiji cha La Boisselle, imeelekezwa kijiji kingine kilichoitwa Contalmaison. Saa moja na nusu asubuhi walitoka mahandakini kwenye mwanga mkali wa kiangazi, wakatembea kuelekea bunduki za rashasha. Wachache wao walifika mbali kuliko karibu askari wengine wote wa Uingereza siku ile, hadi Contalmaison kwenyewe, wakazidiwa. Zaidi ya nusu ya batalioni waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena.

Harry Wattie alikufa pale. Duncan Currie alikufa pale. Ernie Ellis, Mwingereza wa kutoka Norwich aliyekuja kutafuta riziki ya mpira Edinburgh, alikufa pale. Wote watatu kwa siku moja. Hawana makaburi yanayojulikana. Majina yao yako kwenye mnara wa Thiepval, kati ya majina zaidi ya 72,000. Jimmy Boyd aliuawa mwanzoni mwa Agosti. John Allan aliuawa Aprili 1917. Hao ndio saba ambao klabu inawahesabu.

McCartney alibaki Tynecastle akipanga timu za mabaki: wavulana, askari wa likizo, wachezaji wa kuazima. Pia alichangisha mipira na kuipeleka kwa askari walioko vitani, wapate cha kuchezea nyuma ya mahandaki. Kazi hiyo haimo kwenye takwimu zozote za umeneja wake. Aliondoka Hearts mwaka 1919, na mwanawe Willie akashika nafasi yake. Willie huyo baadaye alihamia Hibernian na kujenga timu kubwa ya pale. Ubingwa wa ligi Hearts waliusubiri hadi 1958, chini ya Tommy Walker, walipofunga mabao 132 katika mechi 34. Kutoka 1897 hadi 1958 ni miaka 61. Kijana wa miaka kumi aliyeuona ule wa mwanzo, akiwa hai, alikuwa na 71.

Tarehe 9 Aprili 1922 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Haymarket, njiapanda yenye shughuli nyingi upande wa magharibi wa Edinburgh, na Robert Munro, waziri wa mambo ya Scotland, mbele ya umati wa makumi ya maelfu. Ni nguzo ya mawe yenye saa juu. Si sanamu la jenerali wala la farasi. Mtu anayekwenda kupanda treni anainua macho kuangalia muda, na chini ya saa anakutana na mapigano yale yaliyochongwa kwenye jiwe. Mwaka 2009 nguzo ile iliondolewa kupisha ujenzi wa njia ya tramu, ikarudishwa 2013. Kila Novemba mashabiki wanasimama pale kimya. Contalmaison nako, tangu 2004, kuna mnara wa mawe ya Scotland uliosafirishwa hadi pale.

Lakini hesabu ya saba, naona, ni ndogo mno. Raith Rovers nao walipoteza watatu ndani ya batalioni ile ile. Alfie Briggs alipigwa risasi nyingi Somme, akaishi, hakucheza tena. Crossan aliumizwa mguu vibaya, ukawa wa kukatwa. Inasimuliwa kwamba daktari wa Kijerumani aliyekuwa mateka ndiye aliyeuokoa. Akarudi, akavaa tena jezi ya Hearts, akafungua baa Edinburgh, na mwaka 1933 akafa, mapafu yake yakiwa yamekwishaliwa na gesi ya vitani.

Na kuna Bob Mercer, beki wa kati, mmoja wa wale ambao hawakuchukuliwa mwanzoni kwa sababu ya goti. Baadaye alikwenda, akavuta gesi huko. Aliporudi hakuwa yule wa zamani. Mwezi Aprili 1926 alikwenda na Hearts kucheza mechi ya kirafiki Selkirk, mji mdogo wa kusini, akaanguka uwanjani akiwa na jezi mwilini. Hakuamka. Jina lake halimo kati ya wale saba.